Dwarka na Viunga Vyake: Uchague Kisiwa, Ufuko au Njia ya Kusini?

Dwarka ni mji mdogo ulio kwenye ncha ya magharibi ya rasi ya Kathiawar, katika jimbo la Gujarat, pale ambapo mto Gomti unaingia Bahari ya Arabu. Wahindu wanauhesabu miongoni mwa vituo vinne vikuu vya hija vya nchi yao, vingine vikiwa ni Puri upande wa mashariki, Rameswaram kusini na Badrinath katika milima ya kaskazini, nao wanaamini kwamba ndipo mungu Krishna alipouweka ufalme wake baada ya kuhama kutoka Mathura. Mtu wa Afrika Mashariki hufika huko kwa sababu nyingine kabisa: ni mwanafunzi wa Rajkot aliyepata likizo fupi, au mfanyabiashara aliyemaliza shughuli zake Ahmedabad mapema, au ndugu aliyemsindikiza mgonjwa na sasa daktari amewapa nafasi ya kupumzika kabla ya miadi mingine. Msafiri wa namna hiyo hana wiki mbili za kuzunguka. Ana siku moja, au mbili, au tatu zikizidi sana, na kila mwenye gari mjini atamwambia kwamba vyote vinawezekana. Haviwezekani, na ni afadhali achague kabla hajaketi ndani ya gari la mtu.

Hekalu kuu la Dwarkadhish, yaani la Krishna, siliingizi katika ulinganisho huu, kwa kuwa hakuna anayefika Dwarka akaliacha. Ni jengo la ghorofa tano lililobebwa na nguzo 72, lenye mnara uliochongwa tangu chini hadi juu, na kileleni hupepea bendera ndefu ambayo hubadilishwa mara kadhaa kila siku. Jambo la kuzingatia kwa anayepanga safari ni saa za kufunguliwa. Hekalu hufungwa mnamo saa 7 mchana na kufunguliwa tena mnamo saa 11 jioni, na simu haziruhusiwi ndani. Wageni wengi hudhani kwamba nafasi hiyo ya mchana ndiyo ya kwendea Bet Dwarka, kumbe hekalu la kisiwani nalo hufungwa mchana, na anayeondoka mjini baada ya kumaliza chai ya pili huishia kukaa kivulini upande wa pili wa bahari akingoja mlango ufunguliwe. Kwa hiyo hekalu kuu litengewe jioni, wakati taa zinawashwa na ngazi 56 zinazoteremka hadi mto Gomti zimejaa watu, na asubuhi ibaki kwa safari ya nje.

Bet Dwarka, ambacho ndicho kivutio cha kwanza katika orodha ya kila dereva, ni kisiwa kilicho mbele ya bandari ya Okha, kiasi cha kilomita 30 na ushei kaskazini ya mji. Hadi mwanzoni mwa 2024 kilifikiwa kwa mashua tu. Tarehe 25 Februari 2024 lilifunguliwa daraja la Sudarshan Setu, lenye urefu wa takriban kilomita 2.3, lililoshikiliwa kwa nyaya na lenye njia nne za magari, pamoja na njia za waendao kwa miguu ambazo kuta zake zimepambwa kwa aya za Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, na mapaa yake yamewekwa paneli za umeme wa jua. Daraja hilo limebadilisha hesabu yote. Zamani kisiwa kiliweza kumeza siku nzima kwa sababu ya kungoja mashua ijae. Sasa asubuhi moja inatosha, na mzee asiyeweza kupanda na kushuka chomboni anafika bila taabu. Kilichopotea ni ile hali ya kuingia kisiwani kwa maji, na kwa msomaji aliyezaliwa Lamu au Chake Chake huenda hiyo si hasara kubwa, maana mashua anaijua.

Hekalu la kisiwani halina mnara wa kushangaza. Linafanana zaidi na jumba kubwa la ukoo, lenye nyua na vyumba vinavyofuatana, kwa kuwa wenyeji wanaamini kwamba hapa ndipo Krishna alipoishi na familia yake ilhali Dwarka palikuwa makao ya utawala. Hapa ndipo inaposimuliwa pia kwamba rafiki yake wa utotoni, Sudama, maskini wa kutupwa, alimjia akiwa na zawadi ya gao la mchele uliopondwa, mfano wa pepeta yetu, akaona haya kuitoa mbele ya mfalme, naye mfalme akamnyang'anya kifurushi na kuula papo hapo kwa furaha. Ndiyo maana mahujaji hutoa sadaka ya mchele kisiwani hadi leo. Hadithi hii ikumbukwe, kwa kuwa itatufuata tukielekea kusini. Mbali kidogo, kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa, lipo hekalu la Hanuman Dandi, ambalo hupendwa zaidi kwa mazingira yake ya mchanga na utulivu kuliko kwa jengo lenyewe. Kisiwani wanaishi pia wavuvi Waislamu, na anayetembea mbali kidogo na njia ya mahujaji ataona nyavu na vyombo vyao.

Barabara ya kwenda Okha hupita Mithapur, mji wa mashamba ya chumvi na kiwanda cha magadi cha Tata Chemicals, kilichoanzishwa mwaka 1939. Mkenya atapata la kutafakari hapo, kwa sababu kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuumiliki mradi wa magadi wa Ziwa Magadi, kule Kajiado, iliponunua kampuni ya Brunner Mond mwaka 2005. Hakuna haja ya kushuka garini. Vilima vyeupe vya chumvi vinaonekana dirishani.

Kinachoshindana na kisiwa kwa asubuhi hiyo moja ni mzunguko wa bara, yaani hekalu la Rukmini, hekalu la Nageshwar na bwawa la Gopi Talav. Wenye mabasi ya watalii huviunganisha vyote pamoja na kisiwa katika safari moja ya nusu siku, na hapo ndipo wageni wengi wanapopunjwa, kwa kuwa kila kituo hupewa dakika za kuhesabu na muda mwingi huishia katika kuvua na kuvaa viatu. Nageshwar ni moja ya mahali 12 ambapo mungu Shiva huabudiwa kwa namna ya mwanga, na kwa muumini hiyo inatosha kuwa sababu ya kwenda. Asiye muumini ataona sanamu kubwa ya Shiva aliyeketi, yenye urefu wa kiasi cha mita 25, ataipiga picha kutoka barabarani, na kazi itakuwa imekwisha. Gopi Talav ni bwawa linalosifika kwa udongo wake wa manjano ambao waumini huutumia kujipaka alama kwenye paji la uso; udongo huo huuzwa pia katika maduka ya Dwarka.

Hekalu la Rukmini ni suala jingine. Liko kilomita 2 tu kutoka mjini, linafikika kwa bajaji, na kwa maoni yangu ndilo lenye uchongaji wa kuvutia kuliko yote ya karibu: safu za tembo chini, na juu yake wanaume na wanawake waliochongwa wakiwa wamesimama kwa mikao mbalimbali, mawe yakiwa yameliwa na upepo wa chumvi kiasi cha kulainisha nyuso zao. Swali la kila mgeni ni kwa nini mke wa Krishna amejengewa mbali na mumewe. Jibu la makuhani ni hadithi ya mtawa mkali aitwaye Durvasa, aliyealikwa chakula na mume na mke huyo akakubali kwa sharti kwamba wao wenyewe wakokote gari lake. Njiani Rukmini alishikwa na kiu, Krishna akagonga ardhi kwa kidole cha mguu, maji ya mto mtakatifu wa Ganga yakabubujika, naye Rukmini akanywa bila kumkaribisha mgeni kwanza. Mtawa akamlaani aishi mbali na mumewe, na nchi ile ikose maji matamu. Ni kweli kwamba maji ya ardhini ya sehemu hizo ni ya chumvi, na ndiyo sababu sadaka inayoombwa hekaluni ni mchango wa maji ya kunywa. Mtu yeyote wa pwani aliyekulia karibu na kisima cha maji ya chumvi ataielewa laana hiyo bila kufafanuliwa.

Kwa mwenye siku moja, basi, uamuzi si mgumu: kisiwa asubuhi na mapema, Rukmini wakati wa kurudi, hekalu kuu jioni, na vilivyobaki viachwe bila majuto.

Anayetaka bahari badala ya mahekalu huonyeshwa mahali pawili. Shivrajpur ni ufuko ulio kiasi cha kilomita 12 kaskazini ya Dwarka, wenye mchanga mweupe na maji safi kiasi kwamba mwaka 2020 ulipewa cheti cha kimataifa cha Bendera ya Buluu. Una vyoo, mabafu, walinzi wa waogeleaji na sehemu za watoto, na kwa familia iliyokwishachoka na foleni za mahekalu ni mahali pazuri pa kumalizia alasiri. Hata hivyo nasema bila kusitasita kwamba mwenye kuijua Nungwi au Diani hatapata pale jipya lolote. Anayetoka Kigoma, Kampala au Bujumbura na hajawahi kuiona bahari ya chumvi, huyo aende.

Narara iko mbali zaidi, upande wa Jamnagar, ndani ya Ghuba ya Kachi, na ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya bahari iliyotangazwa mwaka 1982, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini India. Maji ya ghuba hiyo hupwa sana, na mgeni hutembea na mwongozaji juu ya mwamba uliobaki wazi akionyeshwa matumbawe, kaa, pweza, bunju, majongoo ya bahari na viti vya pweza. Wahindi wa bara hustaajabia matembezi hayo, na wana haki. Kwa mtu wa Jambiani, ambaye shangazi zake hutoka na vijiti kila maji yanapokupwa, ni sawa na kulipa kiingilio ili atembezwe nyuma ya nyumba yao. Faida ya Narara kwa msomaji wa Kiswahili ni ya kielimu zaidi: mwanafunzi wa biolojia au wa uvuvi atapata pa kulinganisha matumbawe ya ghuba yenye matope mengi na ya kwao. Akiamua kwenda, aulize saa za maji kabla ya kuulizia bei ya gari, na achague siku za bamvua, kwa kuwa akifika maji yakiwa yamejaa hataona kitu.

Karibu na njia hiyo hiyo, kaskazini ya mji wa Khambhalia, ipo bandari ndogo ya Salaya, ambako bado kunaundwa vyombo vikubwa vya mbao vinavyobeba shehena hadi nchi za Ghuba na Somalia. Haimo katika orodha za watalii. Mimi ningeitanguliza mbele ya Narara kwa yeyote anayejali historia ya majahazi, maana kutoka ghuba hii na kutoka Mandvi iliyo ng'ambo yake ndiko zilikotoka kotia zilizokuwa zikisukumwa na upepo wa kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa, zikiwa na nguo na wafanyabiashara wa Kikachi.

Mwenye siku mbili au tatu ana chaguo lililo bora kuliko yote hayo, nalo ni kuipa Dwarka kisogo na kufuata barabara ya pwani kuelekea kusini. Porbandar iko kiasi cha kilomita 100 na kidogo kutoka Dwarka, na Somnath iko takriban kilomita 230. Watu huulizana waende ipi kati ya hizo mbili, ilhali ziko kwenye njia moja. La kuamua ni mahali pa kulala.

Porbandar ni mji wa mambo mawili. La kwanza ni Gandhi, aliyezaliwa hapo tarehe 2 Oktoba 1869. Nyumba ya ukoo wake ya ghorofa tatu bado imesimama, ikiwa na vyumba vidogo na ngazi za mbao zilizosimama wima kama za mashua, na mahali alipozaliwa pamewekewa alama ya swastika sakafuni, ambayo kwa Wahindu ni ishara ya heri. Ubavuni mwa nyumba hiyo lipo jengo la kumbukumbu liitwalo Kirti Mandir, lililofunguliwa na Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India wakati huo, mwaka 1950, lenye urefu wa futi 79 kwa kuwa Gandhi aliuawa akiwa katika mwaka wa 79 wa umri wake. Aliyetoa fedha za ujenzi ni Nanji Kalidas Mehta, mwenyeji wa sehemu hizo aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo na baadaye, mwaka 1924, akaanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi nchini Uganda. Kwa hiyo sehemu ya miwa ya Buganda imo katika marumaru zile. La pili ni hekalu la Sudama, yule yule mwenye kifurushi cha mchele, kwa sababu inaaminika kwamba Porbandar ndiko alikotoka alipokwenda kumwona rafiki yake. Ni mahekalu machache sana nchini India yaliyojengwa kwa ajili yake, na hili halina msongamano. Saa tatu zinatosha kwa mji mzima.

Somnath huhitaji usiku mmoja. Hekalu lake ni la kwanza katika yale 12 ya Shiva, na historia yake ni ya kubomolewa na kujengwa upya mara nyingi. Shambulio linalotajwa zaidi ni lile la Mahmud wa Ghazni mwaka 1026. Jengo lililopo sasa ni jipya. Patel aliahidi lijengwe muda mfupi baada ya uhuru, na Rais Rajendra Prasad ndiye aliyeongoza sherehe ya kuliweka wakfu tarehe 11 Mei 1951. Anayetafuta mawe ya kale atavunjika moyo, na amwendee Rukmini wa Dwarka. Anayetafuta mahali ambapo hekalu na bahari vimekutana uso kwa uso hatapata pazuri zaidi, kwani mawimbi hupiga chini ya ukuta wenyewe, na juu ya ukuta huo ipo nguzo yenye mshale na maandishi yanayodai kwamba kutoka hapo hadi Ncha ya Kusini ya dunia hakuna nchi kavu njiani. Tofauti na Dwarka, hekalu hili halifungwi mchana, na baada ya jua kutua huwa na onyesho la sauti na taa. Ulinzi ni mkali: simu, mikoba na vitu vya ngozi huachwa nje, na tangu 2015 bodi ya hekalu imewataka wasio Wahindu waombe kibali ofisini kabla ya kuingia. Mgeni aende ofisini na pasipoti yake kwa adabu, akiwa amevaa nguo za kufunika magoti na mabega.

Kutoka Somnath msitu wa Gir uko umbali wa saa moja hivi kwa gari, na hapo pana swali la simba. Simba wa Asia hawapatikani porini popote duniani isipokuwa katika eneo hili la Gujarat. Hesabu ya 2020 ilikuta 674 na ile ya 2025 ikakuta 891. Simba dume wa huko ana manyoya machache zaidi ya shingoni kuliko wa Serengeti, na chini ya tumbo ana mkunjo wa ngozi unaoning'inia. Ni fahari kubwa kwa Wahindi, na uhifadhi wake unastahili heshima. Lakini raia wa kigeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, kibali huombwa mapema kwa intaneti, msitu hufungwa kuanzia tarehe 16 Juni hadi 15 Oktoba, na Mtanzania au Mkenya anaweza kumwona simba kwa nauli ya basi la Mikumi au la viungani mwa Nairobi.

Ningemshauri atumie asubuhi hiyo katika kijiji cha Jambur, upande wa Talala, karibu na msitu huo huo. Wakazi wake wengi ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika, hasa mashariki yake, ambao wazee wao walifikishwa Gujarat katika karne mbalimbali wakiwa mabaharia, askari na watumwa. Wanasema Kigujarati, wengi wao ni Waislamu, na wanamtukuza walii aitwaye Nagarchi Pir, ambaye kaburi lake liko kijijini. Lugha ya mababu imetoweka isipokuwa vipande, na kipande kimoja ni jina la mchezo wao wa ngoma: wanauita goma. Ukiisikia ngoma yao kubwa ya mugarman ikipigwa, na wachezaji wakiinama kwa mabega, huhitaji mkalimani. Mmoja wa wanakijiji hao, Hirabai Lobi, alipewa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 2023 kwa kazi yake ya kuwainua wanawake na kuwasomesha watoto. Jambur si maonyesho ya kudumu. Mgeni huenda na mtu anayefahamika huko, husalimia kwanza, hukubaliana malipo ya wapiga ngoma kabla, na haingii kwenye nyumba za watu na kamera. Kwa msomaji wa Kiswahili, hakuna kituo chochote katika rasi yote ninachokiweka juu ya hiki, hata daraja, hata nguzo ya mshale.

Msimu bora kwa yote haya ni Novemba hadi Februari, yaani wakati ule ule wa kaskazi, ambapo hewa ni kavu na jioni huwa na ubaridi. Mwezi wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, Dwarka hujaa kiasi kwamba hata sakafu za nyumba za wageni hukodishwa, na mvua za kuanzia Juni huharibu mipango ya bahari. Gujarat imepiga marufuku pombe, na katika miji ya mahekalu chakula ni cha mboga tupu, ambacho ni kizuri na cha bei nafuu. Anayetamani samaki asubiri hadi Veraval, bandari kubwa ya uvuvi iliyo jirani na Somnath.

Veraval ina faida nyingine inayosahauliwa. Kuna treni kutoka hapo kwenda Rajkot na Ahmedabad, kwa hiyo aliyechagua njia ya kusini hana haja ya kurudi Dwarka: alipe gari la safari ya kwenda tu, alale usiku wa kwanza Dwarka na wa pili Somnath, na tiketi ya treni ya kurudia aikate kutoka Veraval kabla hajaanza safari, kwa kuwa vitanda vya treni za usiku hujaa mapema.